Fujo za siasa hazimo kwenye damu

Mwishoni mwa Oktoba 2025 wengi wetu tunaoishi huku nje tulikaa siku kadhaa bila kujua hali za jamaa zetu nyumbani. Tarehe 29 ilikuwa siku ya kupiga kura Tanzania. Kufika mchana habari zikaanza kuingia kwamba vijana wameingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya, kwamba vituo vya mabasi na vya mafuta vinachomwa moto, na kwamba askari wanapiga risasi. Halafu habari zikakatika. Intaneti ilizimwa, na WhatsApp, ambayo siku hizi ndiyo simu ya kila mtu, ikawa haipeleki wala haileti. Watu wakarudi kwenye mambo ya zamani: kununua salio la kupigia simu za kawaida, au kumpigia aliyeko Mombasa na Namanga kumuuliza kama yeye amesikia lolote. Mwenye mama mgonjwa Tandale na mwenye mtoto anayesoma Mbeya wote walikuwa sawa, hawana la kufanya ila kusubiri.

Jambo moja katika siku zile lilitugusa sana. Salamu za pole za mwanzo kutufikia zilitoka kwa Wakenya. Ndugu msomaji, unajua mwenyewe kwa nini hili lina uchungu wake. Tangu ile Desemba ya 2007, sisi tuliotoka Tanzania tumewahubiria wenzetu wa Kenya bila kuchoka. Kwenye arusi, kwenye misiba, kwenye nyama choma za siku za jua chache tunazopewa hapa Uingereza tunakoandikia, wimbo ulikuwa ule ule: nyinyi wenzetu mna fujo, sisi tumelelewa na Mwalimu, sisi ni kisiwa cha amani. Mkenya akijaribu kujibu, anaambiwa Watanzania hawawezi kufanya mambo hayo, si asili yao. Leo hakuna anayeuimba wimbo huo. Tena kwa hisani yao Wakenya hawakutucheka, walisema tu, poleni.

Basi tunadhani umefika wakati wa kuliuliza swali hili kwa utulivu. Kwa nini watu wa nchi moja wanapigana kwa ajili ya siasa, na wa nchi nyingine wanapiga kura, wanarudi nyumbani, wanapika ubwabwa wao na kulala?

Jibu jepesi ni hilo la asili, kwamba yapo mataifa ya watu wapole na yapo ya watu wakorofi. Sisi hatulikubali, na wala si kwa sababu ya Tanzania peke yake. Wapo kati yetu wanaoamini kwamba Mzungu ametulia kwa sababu amestaarabika. Waliosema hivyo walikuwa wapi mwezi wa Agosti 2024? Watoto watatu walikuwa wameuawa kwa kisu Southport tarehe 29 Julai, uvumi ukaenea kwamba muuaji ni Mwislamu aliyekuja kuomba ukimbizi, uvumi ambao haukuwa na ukweli, na kwa muda wa siku chache misikiti ikapigwa mawe, hoteli walimokuwa wakikaa wakimbizi ikajaribiwa kuchomwa moto Rotherham, na akina mama wa kwetu wanaovaa hijabu wakawa hawatoki kwenda dukani. Na Marekani, nchi inayotuma watazamaji wa uchaguzi kwa wenzake kila mwaka? Tarehe 6 Januari 2021 watu wake walivunja madirisha ya Bunge lao wakitaka kuzuia matokeo yasithibitishwe. Kwa hiyo hilo la ustaarabu wa ngozi tuliweke kando.

Wengine watasema ni ukabila. Kenya ina ukabila, ndiyo maana inachomeka, Tanzania haina. Hapa pana ukweli kidogo, kwa sababu mwanasiasa anayetafuta kuni za kuwashia moto huokota zile zilizo karibu, na kabila mara nyingi ndilo lililo karibu. Lakini tutazame Zanzibar. Kuna watu gani walio wamoja kuliko Wazanzibari? Lugha moja, karibu wote dini moja, wameoana Unguja na Pemba mpaka ukoo haukatwi katikati. Na bado, baada ya uchaguzi wa 1995 walifikia mahali pa kususiana maduka, harusi, hata maziko, kwa sababu huyu ni CCM na yule ni CUF. Hakuna kabila hapo. Januari 2001, kufuatia uchaguzi wa Oktoba 2000, watu waliandamana na polisi wakawapiga risasi, Pemba zaidi kuliko kwingine. Waliokufa walizidi 30. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa ngalawa na mashua hadi Shimoni, upande wa Kenya, na ilikuwa ni mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa kila mtu, kutoa wakimbizi wake yenyewe. Wapo wasomaji wetu waliofika huku kwa njia hiyo. Hawahitaji kuhadithiwa.

Sasa watu hao hao, visiwa hivyo hivyo, vyama hivyo hivyo viwili, tuwatazame mwaka 2010. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu wakazungumza wawili. Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja, na theluthi mbili wakasema ndiyo. Maana yake kwa lugha ya barazani ni kwamba atakayeshindwa hatatupwa nje, atakuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na chama chake kitapata mawaziri. Oktoba ikaja, kura zikapigwa, na matokeo yakawa membamba kama uzi: Dk. Ali Mohamed Shein asilimia 50.1, Maalim Seif asilimia 49.1. Kwa tofauti kama hiyo miaka kumi nyuma tungekuwa tunahesabu majeneza. Safari hii Maalim Seif aliyakubali matokeo, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza, na watu wakaenda kazini.

Je, damu ya Wazanzibari ilibadilika kati ya 2001 na 2010? Ilibadilika njia. Palikuwa na makubaliano ambayo kila upande uliyaamini, na aliyeshindwa alikuwa na mahali pa kukaa. Halafu makubaliano yakavunjwa. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi mzima kabla ya matokeo kumalizika kutangazwa. Ukarudiwa Machi 2016, CUF ikaususia, na zile chuki ambazo watu walikuwa wameanza kuzisahau zikarudi kukaa sebuleni. Kujenga imani kulichukua miaka mingi, kuibomoa kulichukua tangazo moja.

Lakini mfano tunaotaka wasomaji wetu waushike hautoki Zanzibar wala Ulaya. Unatoka Malawi, jirani tunayetenganishwa naye na Mto Songwe, nchi iliyo katika zile maskini kuliko zote duniani. Tunautaja umaskini makusudi, kwa sababu lipo jibu jingine lisemalo kwamba mwenye njaa ndiye mwenye fujo.

Mei 2019 Malawi walipiga kura. Rais Peter Mutharika akatangazwa mshindi kwa asilimia 38 na kitu, Lazarus Chakwera akiwa nyuma yake na asilimia 35. Karatasi nyingi za matokeo zilikutwa zimepakwa ule wino mweupe wa kufutia makosa, halafu tarakimu nyingine zikaandikwa juu yake. Watu waliingia barabarani, na hatutaki kuwapamba Wamalawi, maana fujo zilikuwepo: majengo yalichomwa, askari polisi aliuawa, na wanawake walidhulumiwa vibaya na polisi waliotumwa kulipiza. Ila wakati huo huo jambo lingine lilikuwa likiendelea. Chakwera na Saulos Chilima walikwenda mahakamani, na kesi ikasikilizwa kwa miezi, watu wakiifuatilia redioni sokoni na mashambani. Jeshi halikuwafyatulia risasi waandamanaji, mara nyingi lilisimama kati yao na polisi. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano wakafika mahakamani wakilindwa na wanajeshi, wakasoma hukumu ya kurasa karibu 500 kutwa nzima, na mwisho wake wakaufuta uchaguzi. Ukarudiwa tarehe 23 Juni 2020. Mutharika akashindwa, akaondoka.

Na hapo ndipo panapofundisha, kwa sababu hadithi haikuishia hapo. Septemba 2025 Wamalawi walipiga kura tena. Maisha yalikuwa yamekuwa magumu, bei zimepanda, mafuta hayapatikani, na Chakwera ndiye aliyekuwa Ikulu. Mpinzani wake alikuwa nani? Mutharika yule yule, sasa mzee wa miaka 85. Akashinda kwa asilimia 56 na ushei. Saa chache kabla Tume haijatangaza, Chakwera alitoka hadharani akakubali kwamba ameshindwa na akampongeza mwenzake. Tarehe 4 Oktoba Mutharika aliapishwa uwanjani Blantyre mbele ya umati wa watu.

Hebu tuzipange tarehe hizi pamoja. Malawi walipiga kura tarehe 16 Septemba, Tanzania tarehe 29 Oktoba. Wiki sita zinazitenganisha. Watu wa pande mbili za mto mmoja, wengine wa ukoo mmoja kabisa kule Kyela na Karonga. Upande mmoja rais aliyekuwa madarakani alishindwa na pakawa kimya. Upande wa pili rais aliyekuwa madarakani alitangazwa kushinda kwa karibu asilimia 98 na nchi ikawaka. Kama fujo zingekuwa za asili, au za njaa, au za ukabila, hesabu hii isingetoka.

Yule mzee wa Malawi angeweza kukataa kuondoka mwaka 2020. Aliondoka akijua kwamba atabaki raia, chama chake kitabaki chama, na siku nyingine mlango utafunguliwa. Ukafunguliwa kweli. Mtu huvumilia kushindwa akijua kwamba kuna mchezo mwingine na refa hajanunuliwa. Ukimwambia kwamba mchezo ndio umekwisha leo, na milele, usishangae akivamia uwanja.

Kenya nayo inasema hayo hayo. Mwaka 2007 Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba kwa foleni ndefu na subira kubwa, kisha jioni ya tarehe 30 matokeo ya urais yakatangazwa ndani ya chumba, matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku, na Rais Kibaki akaapishwa Ikulu jua likizama. Upinzani ukaambiwa uende mahakamani. Raila Odinga akakataa, akisema majaji wale hawaamini. Siku chache baadaye mwenyekiti wa Tume mwenyewe, Samuel Kivuitu, alisema hajui kama Kibaki ndiye aliyeshinda. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, wakiwemo waliochomwa wakiwa hai kanisani Kiambaa karibu na Eldoret, na laki kadhaa wakahama makwao. Hatusemi kwamba mahakama ingeyazuia yote, maana yalikuwepo mambo ya ardhi ya tangu enzi za mkoloni na wanasiasa waliolipa vijana wakaue. Tunasema tu kwamba siku ile palikosekana mlango hata mmoja ambao Mkenya wa upande ulioshindwa angeuamini.

Wenzetu walikaa wakaujenga. Katiba ya 2010 iliunda Mahakama ya Juu na kuipa siku 14 za kuamua kesi ya urais. Mwaka 2013 Raila alikwenda huko akashindwa, akakubali shingo upande. Mwaka 2017 akaenda tena, na tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga na wenzake wakaufuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo Afrika haikuwahi kuliona. Watu waliuawa mwaka ule pia, kwa risasi za polisi, Kisumu na mitaa ya wanyonge ya Nairobi, na hilo halisamehewi kwa sababu ya hukumu nzuri. Ila 2022, Ruto alipopata asilimia 50.49 na Raila 48.85, karatasi za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa kwenye mtandao, kila mwenye simu akijumlisha mwenyewe mpaka kikokotoo kikachoka. Mahakama ikaamua tarehe 5 Septemba. Raila alisema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Nchi ile ile iliyoungua miaka kumi na tano nyuma ikalala.

Tunajua tutakayoambiwa. Mbona vijana wa Kenya waliingia Bungeni tarehe 25 Juni 2024? Ni kweli. Lakini walikasirishwa na muswada wa kodi, na wabunge waliupitisha huku sauti zao zikisikika nje ya ukuta. Wakenya walikuwa wamejenga mlango wa kesi ya urais, mlango wa kusikilizwa kati ya uchaguzi mmoja na mwingine bado haujajengwa vizuri.

Wala mahakama peke yake haitoshi, tusidanganyane. Marekani mwaka 2000 urais uliamuliwa kwa kura 537 za Florida. Mahakama Kuu ikasema, na kesho yake Al Gore akakubali ingawa hakupenda. Mwaka 2020 mahakama zilikuwa ni zile zile, zikatupilia mbali kesi kadhaa wa kadhaa, ila aliyeshindwa alisema ameibiwa na akaendelea kusema. Neno la mkubwa aliyeshindwa lina nguvu kuliko kirungu cha polisi. Ndiyo maana Maalim Seif wa 2010, Raila wa 2022 na Chakwera wa 2025 tunawapa heshima yao, hata wale kati yetu ambao hatukuwahi kuwa wafuasi wao.

Turudi Tanzania. Ndugu zetu walio serikalini wamekuwa wakituambia kwa miaka kwamba amani tuliyonayo ni tunu, tuilinde. Sisi tunaona maneno mawili yamechanganywa. Ukimya si amani. Nyumba ambayo baba akiingia kila mtu ananyamaza inaweza kuwa ya watu wanaoheshimiana, inaweza pia kuwa ya watu wanaoogopa, na jirani anayepita nje hawezi kutofautisha mpaka siku kelele zitakapotoka. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 chama tawala kilichukua karibu viti vyote, na ule wa 2024 vile vile, karibu asilimia 99. Nchi ikawa kimya, na ukimya ule ukaitwa amani. Aprili 2025 Tundu Lissu akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na CHADEMA ikazuiwa kushiriki uchaguzi. Septemba Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye akaondolewa. Walipofika vituoni tarehe 29 Oktoba, wapiga kura walikuta majina mengi kwenye karatasi lakini wale wawili waliokuwa na uzito hawakuwemo.

Na ajabu ya mambo, Zanzibar, ile iliyozoeleka kuitwa ya fujo, safari hii ilikuwa na utulivu kuliko Bara. Yapo malalamiko mengi ya ACT-Wazalendo kuhusu kura za huko na hatuyapuuzi. Ila kule mgombea wa upinzani, Othman Masoud Othman, alikuwemo kwenye karatasi. Mtu alikuwa na pa kuiweka hasira yake.

Halafu kuna jambo ambalo, kwa maoni yetu, lilipaswa kusemwa kila siku na halisemwi. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 41, kifungu kidogo cha 7, inaizuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa na Tume. Mbunge unaweza kumshitaki, diwani unaweza kumshitaki, rais huwezi. Tume yenyewe makamishna wake wanateuliwa na rais. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, sio mbali, ilisema Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinavunja haki za raia na kibadilishwe. Kabla ya hapo Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilikwishataka matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani. Kura ya maoni ya katiba mpya ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na kuahirishwa kwake kukawa ndiyo mwisho wake. Mkenya wa 2007 alikuwa na mahakama asiyoiamini. Mmalawi alikuwa nayo akaiamini. Mtanzania hana kabisa, na bado tunamuuliza kwa nini hakwenda mahakamani.

Hatuwatetei waliochoma. Kituo cha mwendokasi kilichoteketea ni cha mama muuza vitumbua aliyekuwa akikitumia alfajiri, na duka lililovunjwa lilikuwa la mtu aliyekopa. Kijana aliyeiba televisheni siku ile hakuwa akipigania katiba. Lakini adhabu ya kuiba televisheni si kifo, wala mtu aliyesimama mlangoni kwake kutazama kinachotokea hakustahili risasi. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa tangu siku za mwanzo, upinzani ukitaja mamia na kupanda, serikali ikisema zimetiwa chumvi, na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ikisema inaamini ni mamia. Wapo wasomaji wetu ambao kwao si suala la hesabu. Wapo waliosema kwamba jamaa zao walizunguka hospitali na vyumba vya maiti wasimwone wanayemtafuta. Baadaye mamia ya vijana wakashtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa, ingawa wengi waliachiwa.

Rais Samia aliapishwa tarehe 3 Novemba kwenye uwanja wa jeshi Dodoma, bila umati wa wananchi. Tulipotazama picha zile tuliikumbuka jioni ile ya Nairobi ya 2007. Na tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, sherehe zilifutwa, barabara za Dar es Salaam zikawa tupu na askari kila kona. Hakuna jiwe lililorushwa la kutajika. Je, ile ilikuwa amani? Kwa kipimo cha wale wanaohesabu fujo tu, Tanzania ilikuwa na utulivu mkubwa siku ile kuliko Malawi siku yoyote ya 2019.

Tuna neno na sisi wenyewe pia, tulio huku nje. Tulipiga kelele nyingi Oktoba ile. Wengine wetu, tukiwa tumejifunika blanketi na chai mkononi, tuliwahimiza vijana wa Mbagala na Tunduma wasirudi nyuma. Risasi haifiki Reading wala Minnesota. Kama tunataka kusaidia, ipo kazi ambayo haimuui mtoto wa mtu: kusaidia familia zinazotafuta watu wao, kuwalipia mawakili walioshtakiwa, kuwabana kwa maswali mabalozi wetu wanapokuja kwenye mikutano yetu na kutuomba tuwekeze nyumbani. Mkenya aliye London amepewa nafasi ya kumpigia kura rais wake. Mtanzania jirani yake hana, na balozi anaweza kuulizwa hilo pia.

Swali letu kwa serikali si gumu. Uchaguzi mwingine ni 2030. Familia zielezwe miili ya watu wao iko wapi. Tume iteuliwe kwa njia ambayo anayegombea haimiliki. Na kile kifungu cha 7 cha Ibara ya 41 kiondolewe mapema, kabla wagombea hawajajulikana na kila mtu hajaanza kupiga hesabu kitamnufaisha nani. Kukibadilisha kunahitaji theluthi mbili ya wabunge, na chama kinachotawala kilitoka kwenye uchaguzi wa Oktoba 2025 kikiwa na wabunge hao na kuzidi.